Aliacha fegi, akaanza kuanguka

Naandika hii nikiwa nimekalia ndoo niliyoipindua, hapa Mwaloni Kirumba, soko la dagaa na samaki Mwanza. Mbalamwezi imekaza kwa hiyo dagaa ni wa kuhesabu, wavuvi wamelala makwao maana mwezi ukiwaka taa zao hazivuti kitu, na sisi wa nchi kavu tunabaki tunapiga stori na kufukuza inzi. Nimeona leo niitoe hii.

Kila nikikaa kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili naishia kumsimulia mtu wa pembeni yangu, na kila mara ananiuliza swali lilelile, "kwani dawa ya akili inaangusha mtu?" Inaweza. Si zote sawa na si kwa kila mtu, ila inaweza, na mimi nilikuja kulijua hilo siku mdogo wangu yuko chini anapiga miguu vumbini na mi nimeshika jiko la mkaa mkononi sijui niliweke wapi.

Nirudi nyuma kidogo.

Dogo alikuwa mvuvi wa dagaa, mitumbwi ya tajiri mmoja wa upande wa Igombe. Akiwa na miaka 21 akaanza kusema wenzake wanamteta, halafu ikawa si wenzake tena, ni sauti zinatoka majini, zinamwita kwa jina la babu yetu marehemu. Usiku mmoja katikati ya ziwa akataka kushuka azifuate. Wakamshika, wakamfunga kamba hadi kunakucha, tajiri akampigia Mayu, mama yetu, akamwambia mama njoo umchukue mwanao kabla hajanipa kesi. Hapo katikati kuna mfumu, yaani mganga, wa kule Magu, kuna mbuzi wawili, kuna maombi ya kufunga siku saba. Hiyo sehemu naipita, familia za huku zinaijua vizuri na sitaki kumcheka mama yangu, alikuwa anamtafuta mwanae kila mlango aliosikia uko wazi.

Hospitali wakaanza kumpa haloperidoli. Siku ya tatu jioni shingo ikapinda upande mmoja ikaganda hivyohivyo, macho yamepanda juu kama anahesabu misumari ya bati, taya limekaza, mate yanamtoka. Nyumba nzima kelele, kifafa, kifafa kimemuingia! Tukambeba hadi zahanati. Kulikuwa na nesi mmoja wa makamo, hakushtuka hata kidogo, akamsogelea akamuuliza, "unanisikia baba?" Dogo akajibu kwa taabu, meno yamebana, "nasikia." Nesi akatugeukia, "hicho si kifafa, aliyepandwa na kifafa cha mwili mzima hawezi kukujibu, hapo misuli imebanwa na dawa, hasa vijana wa kiume inawapata." Akampiga sindano, baada ya kama nusu saa shingo ikarudi mahali pake na dogo akaomba chai. Tukapewa na vidonge vya Artane awe anameza pamoja na ile dawa ili misuli isibanwe tena.

Nimelitaja hili kwa sababu lilinipa akili moja ya maana, ya kumuuliza mtu kama ananisikia, halafu likaja likaniponza, maana nikabaki na imani kwamba dogo akianza vituko vyovyote vya mwili dawa yake ni Artane. Mtaona.

Haloperidoli haikuzimaliza zile sauti. Wakambadilishia wakampa risperidoni, miezi mingi tu, akatulia mwili ila kichwani bado, anakaa nje kwenye jiwe (sisi tunakaa Igogo mlimani, kila nyumba ina jiwe lake) anavuta fegi moja baada ya nyingine na anajibizana na watu ambao hawapo. Ndo dokta akasema kuna dawa moja tumeibakiza, klozapini, anapewa mtu ambaye dawa mbili tofauti zimeshindwa. Nikauliza kwa nini basi hamkuanza nayo. Akasema inataka kufuatiliwa, inaweza kumaliza chembe nyeupe za damu mtu akafa na homa ya kawaida tu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwaka 1975 kule Finland watu walikufa hivyo, dawa ikawekwa pembeni nchi nyingi, mpaka utafiti wa Marekani wa 1988 ulipoonyesha kwamba inawarudisha wale walioshindikana, na 1989 wakairuhusu huko kwa sharti la kupima damu. Sisi tulipangiwa kupima kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo. Kila wiki! Mtu anakaa Igogo anajua maana ya kupanda na kushuka ule mlima na mgonjwa ambaye hataki kwenda.

Na kuhusu kuanguka, nasema ukweli, alitutajia. Alisema dawa hii inaweza kuleta kifafa hasa dozi ikiwa kubwa. Mi nikaandika DAMU kwenye daftari kwa herufi kubwa, nikapiga mistari miwili chini yake, hilo jingine likapita sikio la pili. Sina wa kumlaumu hapo.

Alianza na nusu ya kidonge cha miligramu 25, yaani 12.5, halafu wanapandisha taratibu. Dawa yenyewe si kila duka inapatikana, tulikuwa tunaagiza Dar inakuja na basi, na nikafundishwa kwamba zikipita siku mbili hajameza huwezi kurudi kwenye dozi yako kubwa kama vile hakijatokea kitu, inabidi uanze upya na ile nusu. Nilishawahi kulala stendi kusubiri kifurushi. Mwili ulimtesa mwanzoni, usingizi mzito, choo kigumu, halafu mate, jamani yale mate, asubuhi mto umelowa kama umetoka ziwani, tukawa tunamtandikia taulo.

Akafika 450 kwa siku. Mwezi wa nne hivi nimerudi kutoka Mwaloni usiku, nimechoka, nanuka dagaa, nakaa tu hata taa sijawasha, nasikia kutoka kwenye kona, "dada, umekula?" Miaka inapita hajaniuliza kitu. Nikasema bado. Akaamka akapasha maharage. Nilikula yale maharage yameungua chini na sikuacha hata moja.

Sasa ndo tunafika kwenye fegi.

Dogo alikuwa anavuta pakiti nzima kwa siku, akiwa na hela pakiti na nusu. Alivyopata nafuu akaanza kwenda kanisani na Mayu, kanisa la walokole la pale mtaani, na Jumapili moja ya mwezi wa nane akaenda mbele akaokoka. Jioni ile akatumbukiza fegi zake chooni, pakiti mbili, moja haijafunguliwa. Mayu alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Na kweli hakurudi tena. Badala ya fegi akashika kahawa, zile za birika la mtaani, kikombe kidogo kichungu na kashata, leo viwili kesho vitano, ikafika anakunywa saba nane kwa siku, na sisi tunasema mwache anywe, afadhali kahawa.

Wiki ya pili tangu aache. Asubuhi, tunakunywa uji. Kashika kikombe cha bati, anakipeleka mdomoni, mara mkono ukaruka, yaani kama mtu kamgusa na waya wa umeme, mara moja tu, paa! Uji ukutani. Tukacheka wote, na yeye akacheka, Mayu akasema kikombe kimekosa nini mwanangu. Kesho yake kijiko. Kesho kutwa simu imemtoka mkononi ikapasuka kioo. Ukimuangalia akiwa ametulia unaona bega linashtuka peke yake, halafu kimya, halafu tena. Mi nikasema ni arosto ya fegi, mwili unadai, itaisha. Nilikuwa na uhakika kama daktari.

Siku nyingine kanifuata Mwaloni anisaidie kubeba. Kajitwisha gunia, si zito sana, anatembea vizuri kabisa, ghafla magoti yote mawili yakakunja kama mtu kayakata kamba. Akaenda chini amekaa, gunia likapasuka, dagaa chini. Hakupoteza fahamu, aliinuka palepale anajifuta na aibu yake, wabebaji wakaanza, "mlokole kashindwa na dagaa!" Nikawatukana, nikaokota dagaa zangu. Jioni nikafukua kwenye mkoba wa dawa za zamani nikatoa Artane nikampa. Mbili. Nikampa na kesho yake. Sa hivi najua nilikuwa namuongezea choo kigumu bure na wala sikugusa tatizo, maana zile kuruka za mkono na magoti kukunja hazikuwa misuli kubanwa, ilikuwa ni kifafa kinapiga hodi. Dokta alikuja kuniambia hivyo hivyo, mtu aliye kwenye klozapini akianza kushtuka viungo na kuangusha vitu, hiyo ni taarifa, unaipeleka hospitali siku hiyohiyo, hukai nayo ndani.

Jumapili, wiki ya tatu. Tumetoka kanisani, mi nachochea maharage nje, dogo kakaa kwenye kigoda karibu na jiko anamenya vitunguu. Nikasikia sauti. Sijui niieleze vipi, si kilio, ni kama pumzi inasukumwa itoke yote kwa mpigo, hata mbuzi wa jirani aligeuka. Nageuka namuona amenyooka kama ubao, anaanguka kuelekea kwenye jiko. Nilichofanya ni kulinyakua lile jiko na sufuria juu yake, maharage yakanimwagikia mguuni (alama ninayo), na yeye akatua palepale lilipokuwa. Akaanza kutikisika. Mwili wote, mikono, miguu, kichwa kinagonga chini, midomo inageuka rangi, povu.

Nikaita, "unanisikia?" Hakujibu. Nikaita tena. Macho yako wazi na hayupo. Ndo nikajua hii siyo ile ya shingo.

Watu wakajaa. Mmoja anakuja na kijiko amtie mdomoni, mwingine kachukua kiatu anataka kumnusisha, mama mmoja anavuta wanae nyuma, "msikanyage hilo povu, kinaambukiza!" Kuna kijana kamkalia miguu ili atulie. Mi mwenyewe nilikuwa sijui chochote, aliyetuokoa ni binti wa mlango wa pili, anasoma sekondari, sijui alifundishwa wapi, akapiga kelele mwacheni, msimshike, msimtie kitu mdomoni, akavua kitenge akakikunja akamuwekea chini ya kichwa, alivyoanza kulegea akamlaza kwa ubavu mate yatoke. Muda sikuangalia saa. Ila redio ya jirani ilikuwa imeanza wimbo wa kwaya wakati anaanguka na ulikuwa haujaisha alipotulia, kwa hiyo ni dakika mbili tatu, na mi ningeapa ni nusu saa. Ingepita dakika tano bila kuacha, au angeacha akaanza tena bila kuzinduka, hiyo ni ya kukimbia nayo bila kuuliza.

Akalala anakoroma, kajikojolea, ulimi kaung'ata pembeni. Kumshusha kutoka kwetu hadi barabarani ni mawe kwa mawe, wanaume wanne wakampokezana, bajaji ikatupeleka kituo cha karibu. Wakampima malaria, hana. Sukari, iko sawa. Wakauliza kama anakula nguruwe maana kuna minyoo ya nguruwe inakaa kwenye ubongo inaleta kifafa, swali la maana huku kwetu. Wakauliza pombe. Mi nikasema anatumia dawa za akili, aliyekuwa anaandika akaitikia mmh, akaandika kifafa, tukapewa kabamazepini twende nyumbani. Hakuuliza dawa gani ya akili. Na mi sikutaja jina, nilikuwa natetemeka nimesahau hata umri wa dogo.

Sijui ni malaika gani alinituma nimpigie simu dokta wetu usiku ule kabla hajameza. Nikamsomea jina la kidonge. Kimya kidogo, halafu akasema usimpe hiyo hata moja. Kabamazepini nayo inagusa chembe nyeupe za damu, ukiichanganya na klozapini unaweka mioto miwili kwenye jiko moja, na tena inaivuruga ile klozapini yenyewe mwilini isishike. Akasema na klozapini ya usiku huu muache asimeze, kesho saa mbili niwe nimefika naye.

Mayu usiku huo alikuwa ameshaamua. "Hayo madawa yenu mnamuua nayo, tupeni chooni kama alivyotupa sigara." Na mimi, nisiwafiche, nilikuwa nimeshika kopo mkononi. Kilichonizuia ni yale maharage yaliyoungua. Nilisema nikitupa hii, anayeniuliza umekula naye namtupa.

Asubuhi dokta akaanza maswali. Dozi imebadilika? Hapana. Kaongezewa dawa nyingine? Nikataja Artane kwa sauti ndogo. Kanywa pombe? Hapana, ameokoka. Kaumwa homa? Hapana. Kuna kitu chochote kimebadilika mwezi huu, chochote? Nikasema hakuna. Mayu akasema hakuna. Dogo, ambaye kichwa kilikuwa bado kizito na ulimi umevimba, akainua uso akasema kwa kujidai kabisa, "nimeacha sigara."

Dokta aliweka kalamu mezani.

Akauliza lini. Akahesabu wiki kwa vidole. Halafu akatueleza na nitajaribu kuliweka kama nilivyolishika. Moshi wa sigara, si ile nikotini, ni moshi wenyewe, unalichochea ini lifanye kazi haraka kuivunja klozapini. Kwa hiyo mvutaji anameza 450 lakini nyingi inapotea, na dozi yake ilipandishwa hadi pale kwa sababu ilikuwa inapotea. Ni kama ndoo yenye tundu, umeshazoea kumimina madumu matano ndo ijae. Siku umeziba tundu na bado unamimina matano, itafurika tu. Ini likikosa moshi, ndani ya wiki moja hivi linapunguza kasi, na dawa kwenye damu inaweza kupanda kwa nusu nzima au zaidi, kidonge ni kilekile, mkono unaokihesabu ni uleule. Na kahawa juu yake! Kahawa inavunjwa na ini kwa njia hiyohiyo moja, zinasongamana mlangoni, dawa inazidi kubaki. Kwa hiyo dogo alikuwa ameziba tundu halafu akaongeza dumu.

Nilitaka kucheka na kulia. Jambo moja zuri alilolifanya kwa nguvu zake mwenyewe tangu aumwe, na ndilo lililomuangusha.

Mayu akauliza kwa hiyo avute? Dokta akasema hapana mama, kuacha ni vizuri, asirudi, ila siku anaacha tulitakiwa tujue tumpunguzie dozi, na siku akirudi kuvuta pia tuambiwe kwa sababu dawa itashuka na zile sauti zitarudi. Akasema kuna dawa nyingine ya akili, olanzapini, nayo ina tabia hiyohiyo ya kuchezewa na sigara.

Nikamuuliza hii ya kuanguka ni watu wangapi inawapata. Akasema kuna utafiti wa Marekani wa 1991 uliangalia wagonjwa zaidi ya 1,400 wa klozapini, waliokuwa chini ya miligramu 300 kama mmoja kwa mia ndo walianguka, wa 600 kwenda juu zaidi ya wanne kwa mia. Sasa dogo kwenye cheti ni 450, ila kwenye damu nani anajua alikuwa mia ngapi. Na dawa nyingine? Akasema karibu zote za aina hii zinashusha kidogo ule ukuta unaozuia kifafa, klopromazini kwa dozi kubwa nayo ni ya kuangaliwa, haloperidoli na risperidoni hatari yake ni ndogo. Kwa hiyo usisikie stori yangu ukaenda kumnyang'anya mtu haloperidoli yake. Mwingine hajaacha sigara, ameachishwa pombe ghafla tu, au aliwahi kuumia kichwa zamani, au ana kifafa tangu utoto, huyo anaanza safari akiwa na ukuta mfupi.

Kisha akatupa orodha ya vitu vya madukani ambavyo mi niliinywesha familia yangu miaka yote bila kuuliza. Sipro, ile tunayojinunulia tukisema ni taifodi, inaipandisha klozapini na yenyewe pia ni mchokozi wa kifafa. Tramadoli ya maumivu nayo ni mchokozi wa kifafa. Na homa kali ya maambukizi, hata bila dawa yoyote, inaweza kuipandisha klozapini, kwa hiyo dogo akichemka si suala la panadoli tu.

Hakuiacha dawa. Alipumzishwa siku moja, akarudishwa kwenye nusu ya dozi, akaongezewa valproeti ya kuzuia kifafa, damu ikapimwa tena. Artane nikaambiwa nirudishe. Kahawa vikombe viwili, visipande wala kushuka ghafla. Msije mkapunguza wenyewe nyumbani kwa kunisoma mimi, dokta alinionya kwamba klozapini ikikatwa ghafla ugonjwa unaweza kurudi na hasira kuliko ulivyokuwa. Na binti wa mlango wa pili alivyosikia akaniuliza kama na shangazi yake anaweza kupewa valproeti, nikampeleka akaulize mwenyewe, akaambiwa kwa mwanamke ambaye bado anazaa wanaikwepa maana inaharibu mtoto tumboni. Kila kidonge na kesi yake.

Tangu hapo hajaanguka. Mkono uliruka ruka wiki mbili zaidi halafu ukatulia.

Kilichobaki kigumu ni watu na ziwa. Watu, maana neno kifafa likishatoka halirudi. Mama mwenye nyumba akamtengea kikombe. Nikakichukua kile kikombe nikanywea mimi mbele yake kila siku mpaka akaona aibu, kifafa hakimo kwenye mate wala kwenye povu, hakina njia ya kuhama. Kanisani wengine wakaanza kusema kumbe kuokoka kwake kulikuwa na pepo ndani, maana tangu aokoke ndo kaanguka. Hapo dogo alilia. Mchungaji, namshukuru, nilimfuata nikamueleza mambo ya ini na moshi kama nilivyowaeleza nyie, akakuna kichwa, Jumapili iliyofuata akasema madhabahuni anayetumia dawa yoyote na anataka kuacha sigara aende kwanza amwambie daktari wake. Nilikaa pale nimekunja mikono nasema moyoni haya ndo mahubiri.

Ziwa sasa. Tajiri wa Igombe alisikia dogo amepona, akapiga simu, giza linakuja nahitaji watu. Ukimuona dogo uso wake siku ile! Lakini dokta alikuwa amesema hakuna mtumbwi, hakuna kuogelea, hakuna kupanda juu ya chanja wala kukaa peke yake na moto, mpaka upite muda mrefu na yeye mwenyewe aseme. Mtu akianguka nchi kavu anaumia, akianguka majini usiku wenzake wameinama wanavuta nyavu, watageuka kuhesabu watu na kukuta kuna nafasi. Hatukuongea siku mbili. Alinilaumu mimi, si dokta. Nikamwacha anilaumu.

Sa hivi yuko na mimi Mwaloni, mizani. Yeye ndo anapima na kuandika, mkono wake mzuri kuliko wangu, na wabebaji wale waliomcheka ndo wanapanga foleni mbele yake. Lile daftari nililoandika DAMU ndo tunalolitumia bado, ila kurasa zimebadilika, kuna safu ya dawa, safu ya vikombe vya kahawa, safu ya homa, na moja pembeni tumeiandika MKONO.

Juzi tumekaa hapahapa, kapakua chai, kikombe kikacheza kidogo kwenye vidole chai ikamwagika kwenye ubao wa mizani. Wote wawili tukakitazama kile kikombe. Nikamwambia labda ni cha moto tu. Akasema labda. Halafu akavuta daftari akanisukumia na kalamu.

"Andika, dada. Saa nne kasoro. Mkono wa kulia, mara moja. Na andika kwamba chai ilikuwa ya moto."